Joy Adamson: Mlezi wa Elsa aliyeacha jivu lake katika nyika ya Meru

JIVU la mwili wa Joy Adamson liligawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ilitiwa katika kaburi la simba jike aliyeitwa Elsa, kando ya mto Ura katika Mbuga ya Wanyama ya Meru. Sehemu ya pili ilitiwa katika kaburi la duma aliyeitwa Pippa, katika mbuga iyo hiyo. Hivyo ndivyo marehemu alivyotaka mwenyewe. Katika nchi hii ambamo jamaa hupelekana mahakamani wakigombania mahali pa kumzika ndugu yao, huo ni wosia wa ajabu, na pengine ndio unaoeleza kwa ufupi zaidi alivyokuwa mwanamke huyo.

Tangu alipouawa Januari 3, 1980, jina lake limetajwa katika mikutano mingi ambako mashirika ya kutetea wanyama huketi pamoja, huafikiana na kutia saini ahadi kwamba mnyama hatateswa, hatafungiwa bila sababu wala kuuawa kwa starehe. Mengi ya mashirika hayo yana deni kwake. Lakini kisa chake kina upande mwingine ambao vitabu vyake na filamu iliyompa sifa duniani haviutilii uzito unaostahili. Huo ni upande wa Mtharaka aliyeamka asubuhi akakuta mbuzi wake wameliwa na simba waliozaliwa na simba aliyelelewa nyumbani kwa mzungu. Makala haya yanajaribu kuzisimulia pande zote mbili, kwa sababu zote mbili zilitokea katika nyika moja.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo chini ya himaya ya Austria na Hungary. Leo mji huo unaitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Victoria Gessner. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo mwenye mali, na alitamani sana apate mtoto wa kiume. Wazazi walitengana angali msichana mdogo, akalelewa na nyanya yake. Huko Vienna alijifunza piano, uchongaji wa sanamu na ushonaji wa nguo, kisha akaanza kujiandaa kwa masomo ya udaktari ambayo hakuyamaliza. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alimpiga risasi paa katika shamba la familia, na alipomwona amelala chini alijiapiza kwamba hataua tena mnyama kwa ajili ya mchezo. Msomaji na akikumbuke kiapo hicho, maana baadaye kiliwafunga watu wengi ambao hawakukila.

Mwaka 1935 aliolewa na mfanyabiashara Myahudi wa Austria, Viktor von Klarwill. Wanazi walikuwa wanapata nguvu katika nchi jirani ya Ujerumani, na mume akaanza kutafuta mahali pengine pa kuishi. Mwaka 1937 alimtuma mkewe Kenya kuitazama nchi hiyo. Melini, mke huyo alikutana na mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Peter Bally. Ndoa ya kwanza haikuidhuria hata safari hiyo moja. Mwaka uliofuata alikuwa mke wa Bally, na ni huyo Bally aliyempa jina la Joy, yaani Furaha, akiona jina lake la Kijerumani ni zito mno ulimini.

Bally alikuwa akizunguka nchini kukusanya mimea, naye Joy akaanza kuchora maua ambayo mumewe aliyakusanya. Kipaji kilijitokeza mara moja. Michoro yake ya maua ya Afrika Mashariki ilimpatia mwaka 1947 nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka kwa chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Kufikia wakati huo, hata hivyo, alikuwa ameshaachana na Bally pia. Mwaka 1944 aliolewa kwa mara ya tatu na George Adamson, afisa wa Idara ya Wanyamapori aliyekuwa na makao yake Isiolo.

George alizaliwa India mwaka 1906 na kufika Kenya mwaka 1924. Alitafuta dhahabu, alifanya biashara ya mbuzi, aliwapeleka wageni kuwinda, na mwaka 1938 akaajiriwa na serikali kuwalinda wanyama aliokuwa akiwawinda. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu na kiko, asiyependa maneno mengi. Mkewe alikuwa moto. Ndoa yao ilikuwa na vurugu tangu mwanzo, nao hawakujaliwa mtoto, kwani mimba za Joy zilitoka.

Kuna kazi moja ya Joy ambayo watu wa Meru na Embu wangepaswa kuijua zaidi kuliko kisa cha Elsa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kwa kuwa yalikuwa yakitoweka upesi. Kwa miaka kadhaa alisafiri na rangi zake kutoka Pwani hadi Turkana. Alichora zaidi ya picha 600. Miongoni mwa waliokaa mbele yake ni wazee na vijana wa Meru, wa Tharaka, wa Chuka na wa Embu, wakiwa na ngozi zao, shanga zao na alama za rika zao. Nyingi ya picha hizo ziliwekwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na mwaka 1967 alichapisha kitabu kuzihusu. Mjukuu wa Meru au Embu anayetaka kujua mavazi ya jando ya babu yake yalikuwaje hana mahali pengi pa kuyaona kwa rangi. Ni jambo la kushangaza kwamba mwanamke aliyewatazama watu hawa kwa makini kiasi hicho, baadaye alionekana kutowaona kabisa walipokuwa wamesimama kati yake na simba.

Elsa aliingia katika maisha yao Februari 1, 1956. George alikuwa katika msako wa simba aliyewashambulia watu katika wilaya za kaskazini, na simba jike mmoja akamrukia. Alimuua. Baadaye tu ndipo alipogundua kwamba yule jike alikuwa akiwalinda watoto watatu waliofichwa katika ufa wa mwamba, ambao hata macho yao yalikuwa hayajafumbuka vyema. Aliwachukua akawapeleka nyumbani. Wawili kati yao walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, walipokua kidogo. Mdogo kuliko wote, Elsa, akabaki.

Kwa desturi ya siku hizo, simba aliyelelewa na watu alikuwa na njia mbili tu: kufungiwa maisha au kupigwa risasi. Joy alikataa zote mbili. Aliamua kwamba Elsa atafundishwa kuwinda na kurudishwa porini awe simba kamili. Wataalamu wengi walidhani ni ndoto. Jaribio la kwanza, katika eneo la Mara, lilishindikana. Mnyama alidhoofika na wakamrudisha. Jaribio la pili lilifanyika mwaka 1958 katika nyika ya Meru, chini ya vilima vya Nyambene, nchi ya joto na mito ambayo haikuwa mbali sana na mahali alipozaliwa. Kwa miezi mingi walimwachia siku chache, wakarudi, wakamkuta ana njaa, wakamlisha, wakamwacha tena. Hatimaye aliua peke yake. Kisha akapata dume wa porini, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa mdogo.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipokuwa na uzito. Mnyama aliyekuwa akilala juu ya kitanda cha kambi sasa alikuwa na familia porini, na bado akija kumsalimia mlezi wake bila kumdhuru. Mtu yeyote aliyesoma habari hizo hangeweza tena kumfikiria simba kuwa kitu tu, au ngozi ya kutandikwa sebuleni. Simba huyu alikuwa na jina, tabia, hasira na wivu. Wanasayansi wa siku hizo waliyachukia maelezo ya aina hiyo. Hata hivyo, wazo kwamba mnyama mmoja mmoja ana maisha yake yanayostahili heshima, si spishi yake tu, ndilo leo limo ndani ya karibu kila mkataba wa mashirika ya kutetea wanyama.

Mwaka 1959 Halmashauri ya Waafrika ya Wilaya ya Meru iliitenga sehemu ya nyika hiyo kuwa hifadhi. Ilikuwa miongoni mwa halmashauri za kwanza za Waafrika nchini kufanya hivyo, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Wameru hawakuwa wageni wa ahadi za pamoja. Njuri Ncheke, baraza lao la wazee, lilikuwa limezoea kufunga na kufungua matumizi ya ardhi, misitu na maji kwa kiapo, na aliyekivunja alijua gharama yake. Kutenga nyika kwa ajili ya wanyama kulikuwa uamuzi wa watu wenye ardhi, ambao walitarajia mapato ya watalii na pia walitarajia kusikizwa.

Ndiyo sababu haifai kuwacheka viongozi wa halmashauri walipoandika kutaka Elsa na watoto wake waondolewe. Walihofia kwamba simba asiyeogopa watu ni hatari kuliko simba anayewaogopa. Joy aliuchukulia uamuzi huo kama ukatili. Kabla hawajapata mahali pa kumhamishia, Elsa aliugua. Alikufa Januari 24, 1961, akiwa hajatimiza miaka mitano au ametimiza juzi tu, kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Walimzika kando ya mto Ura, chini ya mti.

Watoto wake wakawa mayatima wasiojua kuwinda vyema, nao wakafanya alichofanya simba yeyote mwenye njaa: walikwenda kwenye maboma ya Watharaka kula mbuzi. Wenye mbuzi walijibu kwa mishale. Jespah alipigwa mshale ukabaki mwilini mwake. Kwa Joy, jambo la kutisha katika kisa hicho lilikuwa ni kile kichwa cha mshale. Kwa mfugaji wa Tharaka, ambaye mbuzi ndio akiba yake, mahari yake na karo ya mtoto wake, la kutisha lilikuwa jingine. Baada ya msako wa majuma mengi, simba hao watatu walinaswa katika mitego ya masanduku na mwaka huo huo wakasafirishwa hadi Serengeti, Tanganyika. Joy alizunguka Serengeti akiwatafuta hadi wakuu wa mbuga walipomkataza kuendelea.

Kitabu cha kwanza kuhusu Elsa, "Born Free", kilichapishwa London mwaka 1960 na kikasomwa duniani kote katika lugha nyingi. Kilifuatwa na vingine viwili mwaka 1961 na 1962. Fedha zikaja kwa wingi. Hapa ndipo Joy Adamson, mtu mgumu kwa kila kipimo, alipofanya jambo ambalo waandishi wachache hulifanya: aliamua kwamba mapato ya vitabu hivyo ni ya wanyama. Ulianzishwa mfuko wa amana kwa jina la Elsa, kisha chama cha kuchanga fedha kwa ajili ya wanyama wa porini kilichokuja kuwa na matawi Uingereza na Amerika ya Kaskazini. Fedha hizo zilisaidia kuijenga hifadhi ya Meru, iliyotangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1966 ikiwa na ukubwa wa takribani kilomita 870 mraba. Yeye mwenyewe aliendelea kuishi katika mahema na kubania kila senti.

Mwaka huo wa 1966 ndipo filamu ya "Born Free" ilipoonyeshwa. Ilipigwa hapa Kenya, katika eneo la Naro Moru, na waigizaji wakuu walikuwa Virginia McKenna na mumewe Bill Travers. Muziki wake ulishinda tuzo mbili za Oscar. Lakini kilichofuata baada ya kamera kuzimwa kina maana kubwa zaidi kwa mada yetu. Simba wengi walitumika katika filamu iliyosifu uhuru wa simba, na ilipomalizika wengi wao walipelekwa katika bustani za wanyama. Joy, George na waigizaji wale wawili walipinga. Waliwaokoa watatu tu, Boy, Girl na Ugas, ambao George aliwaleta Meru kuwafundisha maisha ya porini. McKenna na Travers hawakuwa watetezi wa wanyama walipowasili Kenya. Walipoondoka walikuwa wameshashikwa.

Kwa miaka michache, basi, Meru ilikuwa na kambi mbili za mume na mke waliotengana bila kuachana. George alikaa na simba wake chini ya kilima cha Mughwango. Joy alikaa mbali na hapo na Pippa, duma aliyekabidhiwa mwaka 1964 na afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akirudi kwao. Simba na duma hawakai pamoja, na wanaowajua wawili hao walisema sababu hiyo iliwafaa wote. Pippa alizaa mara nne porini, na Joy aliandika kila alichokiona: jinsi mama anavyofundisha kuwinda, siku ngapi hupita kati ya mawindo, ni wangapi kati ya watoto wanaoishi. Elimu ya duma wakati huo ilikuwa haba, na daftari zake zilikuwa na faida. Pippa alivunjika mguu akafa mwaka 1969.

Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa kila mtu. Gari la Joy lilipata ajali na mkono wake wa kulia ukaharibika kiasi kwamba hakuweza tena kucheza piano wala kuchora kama zamani. Na katika mbuga, Boy alimng'ata mtoto mdogo wa msimamizi wa mbuga, Peter Jenkins, wakiwa ndani ya gari. Mtoto huyo, Mark, alipona. Serikali ikaona inatosha. George alitakiwa kuondoka na mwaka 1970 akahamia Kora, ng'ambo ya mto Tana. Mwaka uliofuata Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na George akampiga risasi simba aliyemlea.

Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, iwapo kifo hicho kiliandikwa kwa wino mwingi kama kifo cha Elsa. Hakikuandikwa. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hapo ndipo penye dosari kubwa ya kazi ya akina Adamson, na kwamba dosari hiyo ilirithiwa na wengi waliowafuata. Simba alikuwa na jina na wasifu. Mpishi, mfuata nyayo na mchunga mbuzi walitajwa kwa haraka, kama watu wa pembeni katika maisha ya mnyama.

Joy hakuwa rahisi kufanyiwa kazi. Marafiki zake wenyewe wameeleza jinsi alivyokuwa mkali, mwenye shuku, mwepesi wa kufuta watu kazi na mzito wa kushukuru. Alikuwa pia na ujasiri na bidii isiyo ya kawaida, akiamka kabla ya jua hata alipokuwa na umri wa miaka 69. Nyumba yake kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, ilikuwa mahali pa kupumzikia, lakini hakukaa kitako. Mwaka 1976 alipata mtoto wa chui, akamwita Penny, na baadaye akampeleka katika Hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo. Chui naye alizaa porini. Simba, duma, chui: alikuwa amefanikiwa na paka wote watatu wakubwa wa Afrika.

Jioni ya Januari 3, 1980 alitoka kambini Shaba kwa matembezi yake ya kawaida, hakurudi. Msaidizi wake alimkuta njiani amekufa. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba, kwa kuwa ulimwengu ulitaka iwe hivyo. Polisi walipotazama majeraha waliona ni ya silaha ya binadamu. Kijana aliyekuwa amefutwa kazi kambini alishtakiwa na mwaka 1981 akapatikana na hatia. Hakunyongwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba alikuwa ametimiza umri wa mtu mzima siku ya mauaji, akafungwa kwa muda usiojulikana. Miaka mingi baadaye alitoa madai yake kuhusu mshahara na jinsi alivyotendewa, madai ambayo marehemu hakuwapo kuyajibu.

George aliishi miaka tisa zaidi. Agosti 20, 1989 majambazi wenye bunduki walimuua huko Kora pamoja na wasaidizi wake wawili alipokuwa akijaribu kumwokoa mgeni wake. Meru yenyewe ilikuwa imeshageuka uwanja wa majangili. Novemba 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari wenye silaha, na mwaka uliofuata watalii wawili Wafaransa wakauawa mbugani. Ndovu walitoweka kwa mamia. Kilichojengwa kwa fedha za Elsa kilikuwa karibu kuanguka, ijapokuwa Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyama mwaka 1978.

Ufufuo wa mbuga hiyo ulikuja kwa ushirikiano. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lililoundwa mwaka 1990, liliafikiana na shirika la kimataifa la IFAW, ambalo lilitoa zaidi ya dola milioni moja, na serikali ya Ufaransa kupitia shirika lake la maendeleo ikachangia pia. Barabara zilifunguliwa, askari wakapewa magari, na tangu mwaka 2000 ndovu, twiga, pundamilia na vifaru wakahamishiwa huko kutoka sehemu nyingine za nchi. Msimamizi aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Mark Jenkins, yule yule aliyeng'atwa na Boy akiwa mtoto. Alikufa Desemba 2022 katika ajali ya ndege ndogo huko Tsavo.

McKenna na Travers nao walirudi katika kisa hiki kwa njia ya ndovu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walicheza filamu nyingine nchini pamoja na mtoto wa ndovu aliyeitwa Pole Pole, ambaye baadaye serikali ya Kenya ilimtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Alikufa huko mwaka 1983. Mwaka 1984 wao na mwana wao Will walianzisha shirika la kuchunguza bustani za wanyama, ambalo mwaka 1991 liliitwa Born Free Foundation na ambalo leo lina watafiti wanaofuatilia simba wa Meru.

Chama cha kupinga ukatili kwa wanyama kimekuwapo nchini tangu mwaka 1910, na sheria ya kuzuia ukatili huo imo katika Sura ya 360. Kilichobadilika baada ya enzi za Joy ni kwamba mashirika yalianza kutaka ahadi moja ya ulimwengu mzima. Mwaka 2003 mkutano uliofanyika Manila, Ufilipino, ulikubaliana juu ya misingi ya azimio la kimataifa la ustawi wa wanyama. Kamati ya nchi tano iliyopewa jukumu la kulisukuma ilikuwa na Kenya, India, Costa Rica, Ufilipino na Jamhuri ya Cheki, nchi ulimo sasa mji aliozaliwa Joy. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa halijalipitisha. Lakini Machi 2022, hapa Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalounganisha ustawi wa wanyama na mazingira na maendeleo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mwenye punda wa kubebea maji huko Mbeere hahitaji kufafanuliwa umuhimu wa hilo.

Maazimio haya husema vizuri juu ya mnyama. Juu ya jirani wa mnyama, kazi imeachiwa sheria za nchi. Kwa miaka mingi familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini Kenya ililipwa Sh200,000, na kwa mimea au mifugo hakulipwa chochote. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilipandisha fidia ya kifo hadi Sh5 milioni, ya ulemavu wa kudumu hadi Sh3 milioni, na ikarudisha malipo ya mazao na mifugo. Kamati za kaunti ziliundwa kupokea madai. Madai yaliletwa kwa wingi kuliko fedha zilizotengwa, na wengi wamengoja kwa miaka.

Katika Embu, Hifadhi ya Mwea imezungushiwa ua wa umeme, na ndovu wanapofaulu kuupita huingia katika mashamba ya mahindi na pojo. Upande wa Tharaka na Igembe, wanaoishi mpakani mwa mbuga ya Meru bado hulala na masikio wazi. Mbuzi akichukuliwa usiku, mwenyewe hufuata nyayo asubuhi, humwita chifu aje ashuhudie, kisha huenda kwenye ofisi ya KWS kujaza fomu.